Neno "free" lilivyoniponza: huru, bure na watu wa Kengeleni

Nimekuwa kimya, kazi zimenibana, na wengine mmeniuliza kama nimehama Makupa. Sijahama. Niko palepale, nasikia malori yakitoka bandarini kuelekea bara usiku kucha. Leo sitaandika habari za hifadhidata wala kuwafundisha amri mpya. Nataka kuwasimulia neno moja la Kiingereza lenye herufi nne tu, ambalo lilinitia hasara, likanitia aibu, halafu likanipeleka katika historia ya mji huu ambayo shuleni niliipita mbio mbio.

Neno lenyewe ni "free".

Mwaka 2006 nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha kompyuta na mfuko mtupu. Hapa Makupa, si mbali na kiplefti, kulikuwa na saiba yenye kompyuta nane. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, hazikuwa zimefika Mombasa bado (zilikuja 2009), kwa hiyo intaneti yetu ilipitia setilaiti, na ukifungua sanduku lako la barua pepe ulikuwa na wakati wa kumaliza kikombe cha chai kabla ya kuona barua ya kwanza. Mwenye saiba alikuwa akitumia programu ya kuhesabu dakika za wateja, programu ya kuiba, na kila baada ya wiki chache ilimgomea ikidai namba ya leseni. Mimi nilikuwa nimepata kwa posta sidii za Ubuntu. Mnakumbuka? Kuanzia 2005 hadi 2011 ukijaza fomu tu walikuletea sidii hadi mlangoni, hata stempu hukulipa. Nikamwambia mwenye saiba, niachie mimi, nitakuwekea mfumo wa Linux na programu ya kusimamia saiba, tena nitaitafsiri kwa Kiswahili ili hata mama aliyekuja kuzungumza na mwanawe ng'ambo aisome.

Alikubali. Kwa nini asikubali, hakuwa akinilipa.

Programu nyingi za Linux hutafsiriwa kwa mfumo uitwao gettext. Unapewa faili lenye mistari: Kiingereza juu, nafasi tupu chini, unajaza. Ni kazi tamu mwanzoni. "Open", fungua. "Close", funga. "Save", hifadhi. "Cancel", ghairi. Nilikuwa naenda kwa mwendo wa basi la Malindi lililochelewa. Nikafika kwenye mstari ulioandikwa "Free", peke yake, hauna jirani wala maelezo. Sikufikiri hata nusu dakika. Nikaandika "Bure".

Jumamosi tukafungua. Juu ya meza ya mhudumu kulikuwa na skrini iliyowatazama wateja, ikionyesha hali ya kila kompyuta. Kompyuta 1: inatumika. Kompyuta 2: inatumika. Kompyuta 3: BURE. Kompyuta 4: BURE. Kompyuta 5: BURE.

Vijana wa Majengo hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waliingia, wakakaa, wakaitana. Baada ya saa moja mhudumu alipodai pesa, walimwonyesha skrini. "Si mmeandika wenyewe?" Zogo lililotokea siku ile nadhani lilisikika mpaka Saba Saba. Mwenye saiba alitoka nyuma, akaisoma skrini, akawaacha waende, kisha akanigeukia mimi. Hasara ya siku ile niliilipa kwa kazi ya wiki mbili, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kutafsiri ni kazi ambayo mtu anaweza kudaiwa kwayo.

Sasa mwanaprogramu anayenisoma ameshajua kosa liko wapi. Gettext hukusanya maneno yanayofanana herufi kwa herufi na kuyafanya mstari mmoja. Katika programu ile "Free" ilikuwa inatumika mahali patatu: kompyuta isiyo na mtu, nafasi iliyobaki kwenye diski, na tiketi ya mteja asiyetozwa. Mwingereza anatumia neno moja kwa yote matatu na halimsumbui. Mimi nilikuwa na tundu moja la kujaza, na Kiswahili changu kilikuwa na maneno matatu tofauti. Kwenye ukurasa wa diski iliandika "Bure: MB 312", jambo ambalo lilimfanya mteja mmoja aniulize kwa upole kabisa hizo nyingine zinauzwaje.

Nikaona, basi, "bure" ndiyo mbaya. Kamusi inasema "free" ni huru pia. Jumatatu skrini ikasoma: Kompyuta 3: HURU.

Hapo ndipo nilipopata aibu.

Kulikuwa na mama mtu mzima aliyekuwa akija kila wiki kuzungumza na binti yake aliyeko Uingereza. Alikuwa akitoka upande wa Kisauni, anapanda matatu mbili kufika kwetu, kwa sababu mhudumu wetu alikuwa na subira ya kumwekea vidude vya masikioni. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwambia kompyuta ya tatu iko tayari, aone hata kwenye skrini. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akanitazama.

"Huru? Kwani hii ilikuwa mtumwa wa nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Alipomaliza kuzungumza na bintiye aliniita, akaniambia kwamba alipokuwa msichana, neno lile halikutamkwa ovyo mbele ya wazee wake. Kumwita mtu huru ilikuwa ni kumwambia kwamba jana hakuwa huru. Watu wa kwao, alisema, ni wa Kengeleni. Akaniachia hapo, akaenda zake kushika matatu.

Niliipuuza siku mbili tatu, kisha nikaanza kusoma. Nimekuwa nikisoma tangu siku hiyo, kidogo kidogo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na neno lenyewe. Huru ni Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa. Lakini likishaingia katika lugha haliingii peke yake, linaingia katika jamii na kukuta viti vingine vimeshakaliwa. Pwani yetu mtu aliyezaliwa na wazazi wasio watumwa, mwenye ukoo na nyumba mjini, alikuwa na jina lake: muungwana. Huyo hakuhitaji kuitwa huru. Huru aliitwa yule aliyeachwa huru. Ndiyo maana kamusi za zamani hazikuliweka neno hili kama sifa tu bali pia kama jina la mtu, na wingi wake ni mahuru. Mahuru wa Mombasa walikuwa watu waliojulikana, walikuwa tabaka. Kwa hiyo pale Mwingereza alipoona watu wa namna mbili tu, "free" na "slave", Mswahili aliona watatu: muungwana, huru, mtumwa. Na umbali kati ya wa kwanza na wa pili haukuwa mdogo.

Neno muungwana nalo lilisafiri. Wapagazi na walinzi wa misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 walipenda kujiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa, kwa sababu huko bara nani atakuuliza babu yako? Kiswahili walichokipeleka hadi mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Huku kwetu neno likapoteza habari za kuzaliwa, likabaki na habari za tabia: leo ukisema fulani ni muungwana unasema ana adabu, anakopa na kulipa.

(Kwa wanaopenda asili ya maneno: "free" ya Kiingereza nayo ina ukoo mmoja na "friend", rafiki. Maana yake ya kale ilikuwa mpendwa, mtu wa nyumbani, yaani yule aliye wa ukoo na si wa utumwa. Kwa hiyo babu wa "free" alikuwa karibu zaidi na muungwana kuliko huru. Habari ya kutolipa ilikuja baadaye sana. Wanorwe, ambao ni binamu wa Waingereza kwa lugha, wameyaweka mbali: "fri" na "gratis". Mtafsiri wao angeponea kwa skrini ya Jumamosi, ila kwenye faili angekwama kama mimi.)

Sasa Kengeleni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Zanzibar. Mjumbe aliyetumwa mwanzoni mwa mwaka ule kumshinikiza alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Meli za kivita za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yenye watumwa, na swali likawa: watu hawa wapelekwe wapi? Jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, CMS, ikanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, na mnamo 1875 ikaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Kikaitwa Frere Town, kwa heshima ya yule Sir Bartle.

Mimi miaka yote nilidhani ni "Free Town". Nina hakika sipo peke yangu, kwa sababu tunalitamka Fritauni, na maana yake inaonekana wazi: mji wa watu huru, kama ule wa Sierra Leone. Kumbe ni jina la bwana mkubwa mmoja tu. Herufi moja. Watu waliotoka katika umiliki wa mabwana walipewa mji wenye jina la bwana, na masikio yetu yakaja kulisahihisha bila kukusudia. Nikipata tatizo kama hili kwenye programu huwa nasema kosa limejirekebisha lenyewe, jambo ambalo kwenye programu halijapata kutokea hata siku moja.

Kijiji kilikuwa na kengele, na inaelezwa kuwa ilipigwa kuwaonya watu wanapokuja wa kuwateka. Mahali pale hadi leo panaitwa Kengeleni, na makondakta wa matatu wanalitaja jina hilo mara mia kwa siku.

Wakazi wake hawakuwa wa namna moja. Walikuwepo walioshushwa moja kwa moja kutoka majahazini, ambao hawakujua Kiswahili wala Kiingereza. Na walikuwepo walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokamatwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakalelewa India, hasa Nasik, wakasomeshwa ufundi na Kiingereza, kisha wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima. Mmoja wao ni William Jones, aliyekuwa Rabai. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyekirudisha kilichobaki cha msafara hadi Rabai. Huwa najiuliza mtu kama huyo alijiita nani. Kwa Kiingereza alichosomeshwa alikuwa "free". Kwa Kiswahili cha mjini Mombasa alikuwa huru, yaani mtumwa wa jana. Na adabu na elimu yake ilikuwa ya kiungwana, lakini jina hilo asingepewa na mtu wa Mji wa Kale.

Mambo yaliharibika pale watumwa wa Mombasa na wa mashamba ya karibu walipoanza kukimbilia misheni wenyewe. Hawa hawakukamatwa baharini. Hawa walikuwa na mabwana wanaojulikana kwa majina, majirani. Kwa sheria ya wakati ule utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, kilichokatazwa ni biashara ya watumwa. Mwaka 1880 watu wa mjini walifikia kutishia kuishambulia Frere Town kwa sababu ya watoro waliohifadhiwa kule. Na hapa nikatazama dirishani kwangu kwa jicho jingine. Kabla reli haijaanza 1896 na kuvuka hapa kwa daraja, Makupa palikuwa pa kuvuka kwa miguu maji yakitoka. Wareno walilijua hilo, wakaweka vigome vya kulinda kivuko. Aliyetoroka kisiwani bila mtumbwi, akielekea njia ya Rabai, hakuwa na mlango mwingine. Alisubiri maji yapwe, akapita hapa.

Kufikia 1888 pale Rabai na vijiji vya misheni walikuwa wamejaa watoro, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutawala pwani. Mkuu wake, George Mackenzie, hakutaka vita na mabwana wa Mombasa. Akafanya hesabu ya kibiashara: mabwana walipwe fidia kwa kila kichwa, na watoro wapewe vyeti. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Soma tena hapo. Walikuwa huru, lakini haikuwa bure. Mtu alilipwa, na aliyelipwa ni bwana. Na utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, mwaka 1907, fidia ikalipwa tena kwa wenye watumwa. Waliofanya kazi miaka yote hiyo walibaki na maana ya pili ya neno bure, ile ya kazi bure.

Maana neno bure nalo lina mizigo yake, tusidhani Kiingereza peke yake ndicho chenye maneno ya mchanganyiko. Bure ni kisicholipiwa. Bure pia ni kisicho na faida: nimekwenda bure, mtu bure, maneno bure. Masikio ya Mswahili husikia maana zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana muuza duka mjanja haandiki bure, anaandika zawadi. Mwenye saiba wetu, kabla ya zogo la Jumamosi, nilimwambia kwa furaha kwamba programu hizi za Linux ni za bure. Akajibu, "Basi nitaziona." Nikadhani ananipongeza.

Nifike kwenye programu sasa, kwa sababu hapo ndipo neno hili limezua ubishi mkubwa duniani, na wenye ubishi ni Waingereza na Wamarekani wenyewe. Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuuendesha. Alitaka programu ambazo mtumiaji anaweza kuzitumia kwa lolote, kuzichungulia ndani na kuzibadilisha, kuwapa wengine, na kuwapa wengine hata alizozibadilisha. Akaziita "free software". Tangu siku hiyo hajapumzika kueleza kwamba hakumaanisha bei. Hana ubaya na mtu anayeuza. Uwaze uhuru wa kusema, anasema, usiwaze pombe ya kunywa bila kulipa. Miaka arobaini na kitu mtu mzima anaeleza neno moja! Mwaka 1998 wengine wakachoka, wakabuni jina "open source" ili wafanyabiashara wasiogope, na hapo ukazuka ugomvi wa pili ambao sitauingia leo.

Kwa Kiswahili ubishi huo haupo. Programu huru, programu ya bure: maneno mawili, mambo mawili, mtoto wa darasa la nne anajua tofauti. Nilijivunia hilo kwa muda. Lakini kila nilipoandika "programu huru" nilimsikia yule bibi: ilikuwa mtumwa wa nani?

Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona swali lake ni zuri kuliko alivyokusudia. Programu ya kompyuta kwa sheria za leo huzaliwa ikiwa na mwenyewe. Hata usipoandika lolote, hakimiliki ipo tangu siku ya kwanza, na asiyeruhusiwa haruhusiwi kunakili. Haizaliwi muungwana. Ili iwe huru ni lazima mwenyewe aiache, na aiache kwa maandishi, na maandishi hayo yasafiri nayo popote iendako ili aulizwaye aonyeshe. Tunayaita leseni. Ile maarufu kuliko zote, GPL, ilitolewa kwa mara ya kwanza Februari 1989, miaka mia moja na mwezi mmoja baada ya vyeti vya Rabai. Ni sadfa tu. Hata hivyo nilikaa nikaitazama tarehe ile kwa muda.

Na kama ilivyokuwa kwa mahuru, kamba haikatiki yote. Katika sheria ya Kiislamu aliyemwacha mtumwa huru alibaki na uhusiano naye, na yule huru akifa bila mrithi wa nasaba, bwana wa zamani humrithi. GPL nayo haimwondoi mwenye hakimiliki. Inamtumia. Kwa haki yake ndiyo inamkataza mwingine yeyote asije akaifungia tena ile programu iliyoachwa. Nasema haya kwa tahadhari. Programu haipigwi, haiuzwi mbali na mama yake. Kulinganisha kunisaidie kuelewa neno, kusinisahaulishe watu.

Wiki kadhaa baadaye bibi alikuja tena na skrini ilikuwa imebadilika. Kompyuta 3: HAINA MTU. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa maneno hayo siku ile akiwa mlangoni, akiondoka: "Andika haina mtu, si ndivyo ilivyo?" Baada ya mazungumzo yake nilimwonyesha ukurasa wa mwisho wa programu, ule wa "kuhusu", na nikamweleza kwa lugha nyepesi. Kuna mtu aliandika hii. Ilikuwa mali yake. Akaiachilia, kila mtu aitumie, na akaandika karatasi kwamba hakuna atakayeimiliki peke yake tena. Nikamuuliza, hiyo nayo niiite nini?

"Karatasi anayo?"

"Anayo. Ipo humu ndani."

"Basi hiyo ni huru," akasema, na akaniomba nimfungulie tena, bintiye alikuwa amekatika katikati ya sentensi.

Wenzetu wa Dar es Salaam walichagua njia nyingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kati ya wataalamu wa kule likaenea neno "programu huria". Huria ni ndugu wa huru, Kiarabu hurriyya, yaani uhuru wenyewe. Tumelikopa shina moja mara mbili. Tanzania walikuwa wamekwisha kulizoea: soko huria, na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa 1992. Ukitazama, yote hayo ni mambo yaliyofunguliwa milango, aingiaye aingie. Kwa hiyo huria inafaa sana "open source", na nadhani waliliweka mahali pake. Kamusi elezo ya Wikipedia kwa Kiswahili imejiita huru, na hapo pia naona hawakukosea.

Mimi nimebaki na huru kwa "free software", na nawajua wanaonilaumu. Wanasema huria ni safi, halina historia chafu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutolitaka kwa kazi hii. Huria haliulizi nani alikuwa bwana. Neno huru lenyewe limekwisha oshwa mara moja: mwaka 1961 Tanganyika na 1963 huku kwetu na Zanzibar lilivikwa u- mbele likawa uhuru, likapandishwa bendera, watoto wakaitwa Uhuru (mmoja wao, akiwa Rais, alilifungua daraja jipya la Makupa Agosti 2022, maji ya mkondo yakaanza tena kupita chini baada ya miaka mingi ya kuzibwa na tuta). Waliozaliwa baada ya hapo, mimi nikiwemo, hatukusikia tena mahuru ndani ya uhuru. Ilibidi mtu wa Kengeleni avae miwani.

Kwa upande wa ufundi, tatizo lina dawa. Gettext 0.15, iliyotoka mwaka uleule wa 2006, iliongeza kitu kinaitwa msgctxt, alama inayomwambia mtafsiri neno limekaa wapi, ili "Free" ya diski na "Free" ya kompyuta ziwe mistari miwili. Niliwaandikia wenye programu nikiwaomba waitumie, nikiwaeleza zogo la Jumamosi. Walicheka sana, kisha walifanya. Waandishi wa programu mnaonisoma, nawaomba: mkiandika neno moja peke yake kwenye kitufe, wekeni alama hiyo. Hamjui huku mwisho wa waya nani anakatwa mshahara.

Faili langu leo, baada ya miaka yote hii, linasema hivi. Kompyuta: haina mtu. Diski: nafasi iliyobaki. Tiketi: bila malipo (bure nimeliogopa tangu siku ile). Programu: huru. Umebaki mstari mmoja tu, wa ujumbe ambao mhudumu anaweza kumtumia mwenzake wa tawi jingine kupitia programu, "Are you free?" Una nafasi, u wazi, huna kazi, nimejaribu yote matatu na kila moja linanuna mahali fulani. Nimeuacha mtupu. Mhudumu akibonyeza, unatoka kwa Kiingereza.